Nambari Isiyokisiwa: Somo kwa Vikundi na kwa Vijana wa Kompyuta

Katika somo hili tunataka kuangalia jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao: vile kompyuta na simu hutengeneza nambari za nasibu, na kwa nini siri zetu za simu na za benki hutegemea nambari hizo. Neno nasibu tunalijua sote kutokana na ile bahati nasibu. Nambari ya nasibu ni ile inayokuja bila mtu kuipanga, na bila mtu yeyote kuweza kusema mapema itakuwa ipi. Msiogope hesabu iliyomo. Aliyefika darasa la nane ataweza kuifuata, na pale panapohitaji kalamu tutasema.

Tuanze na kisa, maana bila kisa hiki hata sisi hatungesoma mambo haya.

Kura iliyoleta kelele

Kuna kikundi cha akina mama 20 ambacho tumekuwa tukikitembelea kwa miaka kadhaa. Kila Alhamisi kila mmoja hutoa shilingi 500, na zile 10,000 hupewa mama mmoja, zamu kwa zamu, mpaka wote 20 wapate. Mnajua wenyewe kwamba anayepata wiki ya kwanza na anayepata wiki ya 20 si sawa, hata kama pesa ni zile zile. Wa kwanza analipa karo shule zikifunguliwa. Wa mwisho amekuwa akiwakopesha wenzake karibu miezi mitano. Ndiyo maana kila mzunguko mpya unapoanza hupigwa kura.

Kwa muda mrefu kura ilikuwa ni vikaratasi ndani ya sufuria. Mwaka jana kijana mmoja, mtoto wa mama wa pale pale kikundini, alikuwa amesoma kompyuta akajitolea kuandika programu fupi ya kuchanganya majina. Ukweli ni kwamba sisi ndio tuliomsukuma. Tulitaka akina mama waone kwamba masomo ya vijana wao yana faida.

Jumamosi kijana aliijaribu programu yake nyumbani kwa mwenyekiti, watu wachache wakitazama. Alhamisi akaifungua mbele ya kikundi kizima. Majina yakatokea kwenye kioo, moja hadi 20. Hapo mama mmoja ambaye ni fundi wa nguo akasimama.

"Orodha hii niliiona Jumamosi," akasema. "Hawa watatu wa kwanza ni wale wale, na wamefuatana vile vile. Na wa pili ni mama yako."

"Mama, haki ya Mungu sijapanga kitu. Nimeguza tu pale pa kuanzisha."

"Basi anzisha tena, mwanangu, tuone."

Kijana akaifunga programu, akaifungua upya, akaguza. Orodha ikarudi ile ile, jina kwa jina. Akarudia mara ya tatu, lakini wapi! Mama yake alichukua kikapu chake akatoka bila kuaga, na wengine wakaanza kusema kwa sauti kwamba kijana amefundishwa wizi na watu wa ofisi, yaani sisi.

Sasa tupime lile neno la fundi wa nguo, kwa sababu lilikuwa na akili. Ikiwa kura ni ya haki, majina matatu ya kwanza yanaweza kupangika kwa njia 20 × 19 × 18, yaani 6,840. Kwa hivyo nafasi ya kuona watatu wale wale kwa bahati tu ni moja katika 6,840. Orodha nzima ya watu 20 inaweza kupangika kwa njia 2,432,902,008,176,640,000. Kuipata ile ile mara tatu mfululizo kwa bahati ni jambo lisilotokea. Mama alikuwa sahihi: ile haikuwa kura. Lakini pia kijana hakuwa amepanga chochote. Wote wawili walisema kweli, na sisi tulikuwa katikati bila jibu.

Mbegu na mavuno

Kompyuta ni kama mfanyakazi mtiifu kupita kiasi. Ukimpa kitu kile kile na amri ile ile, atakupa jibu lile lile leo, kesho na mwaka ujao. Ndiyo maana tunaiamini kwa mishahara na kwa hesabu za zahanati. Lakini mfanyakazi wa namna hiyo atapataje bahati? Hana sufuria ya kutikisa. Mara nyingi anachofanya ni hesabu inayofanana na bahati, na hesabu hiyo lazima ianze na nambari fulani. Nambari hiyo ya mwanzo wataalamu huiita mbegu.

Chukueni kalamu. Njia moja ya zamani ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na John von Neumann, mwanahesabu mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi Marekani. Chagua nambari ya tarakimu nne, kwa mfano 5731. Izidishe kwa yenyewe, upate 32844361. Chukua zile nne za katikati: 8443. Hiyo ndiyo nambari yako ya kwanza ya nasibu. Zidisha 8443 kwa yenyewe, upate 71284249, na katikati kuna 2842. Inayofuata ni 0769, halafu 5913 (jibu likipungua tarakimu nane, ongeza sufuri mbele). Ukimwonyesha jirani 8443, 2842, 0769, 5913, ataona ni nambari zilizookotwa barabarani. Lakini ukimwambia tu kwamba ulianza na 5731, atazitoa zote bila kukuuliza tena.

Na kuna mbegu zinazooza. Anza na 2100: utapata 4100, halafu 8100, halafu 6100, halafu unarudi 2100 na kuzunguka hapo milele. Anza na 3792, na katikati utakuta 3792 yenyewe. Jaribuni, ni zoezi zuri kwa vijana. Von Neumann alijua udhaifu huu, na aliwahi kutania kwamba anayetaka kupata nambari za nasibu kwa njia ya hesabu yuko katika hali ya dhambi. Sisi wa kanisa tuliposoma hivyo tulicheka sana.

Njia za siku hizi ni bora kuliko hiyo. Mojawapo inayotumika sana ni Mersenne Twister, iliyotengenezwa Japani na Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1997. Kabla ya kujirudia inatoa nambari nyingi mno. Hesabu ya nambari hizo ukiiandika ina tarakimu 6,002. Kwa michezo na kwa utafiti inafaa kabisa. Lakini mwenye ujuzi akiona nambari 624 mfululizo zilizotoka humo, anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Kuonekana bila mpango ni jambo moja, na kutoweza kukisiwa ni jambo lingine. Hapo ndipo kijana wetu alipoangukia, na wakubwa wengi kabla yake.

Tulikaa naye jioni moja tukiipitia programu yake mstari kwa mstari. Katikati palikuwa na mstari mfupi ulioiambia kompyuta ianze na mbegu 42. Tukamuuliza umetoka wapi. Akasema aliunakili kutoka kwa somo alilofundishwa. Walimu huuweka makusudi ili wanafunzi wote wapate jibu moja na iwe rahisi kusahihisha. Hakuna aliyemwambia auondoe akienda kufanya kazi ya kweli. Kwa mbegu ile, katika zile njia zote za kupanga majina 20, programu yake ilikuwa inajua moja tu.

Saa si mbegu nzuri

Mtu anaweza kusema, basi mbegu iwe saa ya wakati huo, maana saa haisimami. Wengi hufanya hivyo. Lakini siku nzima ina sekunde 86,400 tu, na anayejua kwamba ulianzisha programu mwendo wa saa nne asubuhi amebaki na chache za kujaribu.

Mwaka 1999 wataalamu wa kampuni moja ya Marekani walichunguza programu ya kuchezea karata za poka kwa pesa kupitia intaneti. Wenye programu hiyo walikuwa wametangaza waziwazi njia yao ya kuchanganya karata, ili watu waone hakuna wizi. Karata 52 zinaweza kupangika kwa njia nyingi kiasi kwamba hesabu yake ina tarakimu 68. Lakini mbegu yao ilikuwa ni saa: visehemu vya elfu vya sekunde tangu saa sita ya usiku, ambavyo kwa siku ni 86,400,000. Wale wachunguzi walilinganisha saa yao na saa ya kompyuta ya mchezo, wakabaki na mbegu kama 200,000 hivi za kujaribu. Wakizitazama karata zao wenyewe na zile zilizofunuliwa mezani, waliweza kujua mkono wa kila mchezaji. Hawakuiba pesa, walionya tu. Lakini angekuja mwingine?

Kufuli na ufunguo

Mpaka hapa mtu atasema, sisi hatuchezi karata. Sawa. Lakini ukituma pesa kwa simu au ukiandika neno la siri la benki, ujumbe huo hupita kwenye mitambo ya watu wengi kabla ya kufika. Usipofungwa, yeyote njiani anausoma. Elimu ya kufunga ujumbe namna hiyo huitwa kriptografia, na kazi yake ni kuchanganya maandishi kwa kutumia ufunguo, hata asiye na ufunguo aone takataka tu.

Ufunguo wenyewe ni nini? Ni nambari. Kufuli za siku hizi karibu zote zimetangazwa hadharani; jinsi zinavyofanya kazi mwanafunzi yeyote anaweza kusoma. Kinachofichwa ni ile nambari peke yake. Ufunguo wa kawaida ni kama kurusha sarafu mara 128 na kuandika kila mara kama imeangukia kichwa au mgongo. Jumla ya funguo zinazowezekana ni nambari ya tarakimu 39. Hata ukikusanya kompyuta zote duniani, hutazijaribu zote.

Lakini hiyo ni kweli ikiwa sarafu ilirushwa. Kama badala ya kurusha, programu ilichukua mbegu dogo na kulizalisha likawa refu, basi mwizi hana haja ya kuvunja kufuli. Anajaribu mbegu tu.

Mwaka 1995 ndivyo ilivyokuwa kwa Netscape, programu iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi sana kusoma kurasa za intaneti. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, walifungua programu hiyo wakakuta mbegu yake inatoka kwa saa na kwa nambari mbili ambazo kompyuta huzipa programu zinazoendeshwa ndani yake. Vitu vyote hivyo vinaweza kukisiwa. Mtu aliyekuwa anatumia kompyuta ile ile pamoja na wewe angepata ufunguo wako kwa muda usiofika dakika moja. Kufuli haikuwa na kasoro yoyote.

Kisa cha pili kinatuuma zaidi kwa sababu kinafanana na cha kijana wetu. Debian ni mfumo wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Mwaka 2006 mmoja wao alikuwa akisafisha programu ya kutengeneza funguo, na chombo chake cha kukagua kikalalamika juu ya mistari fulani. Akaiondoa. Hakuwa na nia mbaya, na hata aliuliza wenzake kwanza. Lakini mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza nasibu. Kilichobaki kuwa mbegu ni ile nambari ya programu inayoendeshwa, ambayo haizidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili kompyuta nyingi ulimwenguni zilitoa funguo kutoka kwa kikapu hicho kidogo, na kila ufunguo ulionekana mrefu na mzuri kwa macho. Luciano Bello ndiye aliyegundua, na tangazo likatolewa tarehe 13 Mei 2008. Kila aliyekuwa ametengeneza ufunguo kwa mashine hizo ilimbidi autupe atengeneze mwingine.

Sasa tena kalamu. Kuna aina ya kufuli ambayo ufunguo wake ni nambari tasa mbili kubwa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwenye kufuli huzizidisha na kutangaza jibu, akificha zile mbili. Tuchukue ndogo. Duka la kwanza linatangaza 143. La pili linatangaza 187. Kwa nambari kubwa za kweli hakuna ajuaye kurudi nyuma kwa urahisi. Lakini toa 143 kutoka kwa 187, inabaki 44. Gawanya 143 kwa 44: inaingia mara tatu, inabaki 11. Na 44 inagawanyika kwa 11 bila kubakisha. Basi 11 imo katika zote mbili: 143 ni 11 × 13, na 187 ni 11 × 17. Maduka yote mawili yamefunguka, kwa sababu tu yaliokota nambari moja ile ile bila kujuana. Njia hii ya kutafuta kigawo cha pamoja ni ya Wagiriki wa kale, na kompyuta huifanya upesi hata nambari ziwe ndefu namna gani.

Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za wazi za mashine za intaneti karibu zote wakafanya hesabu hiyo. Walifungua siri za nusu ya asilimia moja ya zile zinazotumia kufuli ya kurasa za intaneti. Nyingi zilikuwa ruta na vifaa vidogo vinavyotengeneza ufunguo mara tu vinapowashwa kwa mara ya kwanza, kabla havijaona kitu chochote cha nasibu. Ni kama mtoto mchanga uliyemwuliza habari za dunia. Na mwaka uliofuata, Agosti 2013, ikaonekana kwamba simu za Android zilikuwa na kasoro katika chombo chao cha nasibu, na watu waliohifadhi pesa za bitcoin kwa simu hizo wakaibiwa.

Aliyepanda mbegu mbovu makusudi

Hatukutaka kusema juu ya bahati nasibu, maana vijana wetu wamepoteza pesa za kutosha huko. Lakini kisa cha Eddie Tipton kinafundisha. Alikuwa mkuu wa usalama wa kompyuta katika chama kinachoendesha bahati nasibu ya majimbo kadhaa ya Marekani. Tarehe 29 Desemba 2010 tikiti iliyonunuliwa jimbo la Iowa ilishinda dola milioni 16.5. Hakujitokeza mtu kwa karibu mwaka mzima, na waliokuja baadaye walikataa kusema tikiti ni ya nani. Pesa hazikulipwa. Polisi walitoa picha za kamera ya duka, na waliofanya kazi na Tipton wakamtambua, sauti na umbo.

Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ameingiza amri ndani ya programu ya kuchagua nambari. Kwa siku nyingi za mwaka programu ilifanya kazi vizuri, na ilipopimwa na wakaguzi ilipita. Lakini kwa siku tatu fulani, mbegu ilitoka mahali alipopajua yeye. Mwaka 2017 alikiri, akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Hapo tuliona kwa nini fundi wa nguo hakumwamini kijana, na kwa nini hatuwezi kumlaumu. Kwa nje, kosa la kijana na wizi wa Tipton havitofautiani. Huwezi kuangalia nambari usoni ukajua imetoka wapi. Lazima mtu aende mpaka kwenye chanzo, asome, aulize.

Nasibu ya kweli hutoka wapi

Kwa sababu hesabu haiwezi kuzaa bahati, wataalamu huitafuta nje ya hesabu, katika fujo ya dunia. Tangu mwaka 1994, kwa kazi ya Theodore Ts'o, mfumo wa Linux umekuwa ukikusanya vitu vidogo vidogo visivyo na mpangilio: muda kati ya kidole kimoja na kingine unapoandika, vile mkono unavyosogeza kipanya, vipindi vinavyopita diski ikifanya kazi. Vyote hutiwa katika chungu kimoja na kukorogwa, na mbegu huchotwa humo. Uzuri wa chungu ni kwamba chanzo kimoja kikiharibika, vingine bado vinafaa. Siku hizi ndani ya mashine nyingi kuna pia kifaa kidogo kinachosikiliza kelele za umeme. Na kampuni ya Cloudflare kule San Francisco imepanga ukutani taa kama 100 zenye nta inayopanda na kushuka kwa joto. Kamera huzipiga picha, na picha hizo huingia katika mbegu. Mtu akipita mbele ya kamera hawamfukuzi, naye anaongeza fujo.

Vijana mnaojifunza kuandika programu, shikeni hili: lugha nyingi za kompyuta zina vyombo viwili vya nasibu. Katika lugha ya Python, kimoja huitwa random, nacho ni cha michezo na majaribio. Kingine huitwa secrets, kimekuwepo tangu mwaka 2016, na huchota kutoka kwa kile chungu cha mfumo. Kwa nambari ya siri, kwa neno la siri, kwa kitu chochote cha kufunga, tumieni cha pili. Na msinakili mstari ambao hamjui kazi yake.

Kwa sisi tusioandika programu, chanzo kibovu kuliko vyote ni kichwa chetu wenyewe. Nambari ya siri ya tarakimu nne ina njia 10,000. Lakini ukiweka mwaka wa kuzaliwa, umebakisha kama 100, na kitambulisho chako kinauambia ulimwengu. Andika tarakimu 0 hadi 9 kwa vikaratasi kumi, vitie kwenye kikombe, tikisa, toa kimoja, andika, kirudishe, tikisa tena, mpaka mara nne. Kisha choma ulichoandika ukishakariri. Ile nambari ya tarakimu sita ambayo benki hukutumia kwa ujumbe mfupi imetengenezwa kwa nasibu ili mwizi awe na nafasi moja katika milioni. Anayekupigia akijifanya wa huduma kwa wateja hataki kuvunja hesabu hiyo, hawezi. Anataka umsomee.

Kura ya pili

Turudi kwa akina mama. Tuliwaeleza haya yote kwa vikao viwili, na zoezi la 2100 wakalifanya wenyewe. Kijana aliomba msamaha kwa kutumia kitu asichokielewa, na sisi tukaomba kwa kumsukuma. Fundi wa nguo alitaka warudi kwa sufuria. Wengine wakasema programu irekebishwe. Ndipo tukakubaliana jambo la katikati. Kila mama aliandika nambari yake kwa siri, kati ya 1 na 1,000, akakunja karatasi. Zote 20 zilipokwisha kuwa ndani ya sufuria ndipo zikafunguliwa na kujumlishwa kwa sauti mbele ya wote. Jumla ndiyo iliyowekwa mahali pa 42.

Hata 19 wangekula njama, ile moja ya asiye na njama ingetosha kuwaharibia, kwa kuwa hawakuiona mapema. Jumla zinazowezekana hazifiki 20,000, ambazo kwa siri ya benki ni kichekesho. Kwa kura ya mchana, mbele ya macho 40, tuliona zinatosha.

Jumla ilikuwa 9,318. Mama ya kijana alitokea wa 11. Fundi wa nguo alipata zamu ya 19, akavaa miwani, akaomba aonyeshwe ule mstari tena, akaangalia kwa muda, akasema, "Sawa. Andikeni."

Ya kufanya kikundini

1. Katika zoezi la kikombe, mtu akisahau kurudisha kikaratasi kila mara, atabakiwa na njia ngapi badala ya 10,000?

2. Duka moja limetangaza 221, jingine 247. Tafuteni nambari waliyoiokota wote wawili, halafu mfungue zote.

3. Kikundi chenu kinapiga kura kwa njia gani, na ni nani anayeshika sufuria?

Majibu: la kwanza ni 5,040. La pili ni 13, maana 221 ni 13 × 17 na 247 ni 13 × 19. La tatu mnalo ninyi.